Niliambiwa niko kundi la ulinganisho, nikajua presha yangu imelingana

Wakuu, salamu kutoka Mnyambe, Newala. Naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, mnivumilie. Sina cha kuwadanganyia.

Nilianguka chini ya mkorosho, mashine ya kupulizia iko mgongoni bado inanguruma. Mdomo umekwenda upande. Nataka kumwita mke wangu, Mama Zuhura, ulimi umelala kama si wangu.

Yeye akajua ni salfa, dawa ya mikorosho, imeniingia. Akanimwagia ndoo nzima ya maji ya kunywa, na mnaokaa Newala mnajua ndoo ya maji kwetu ni nini.

Haikuwa salfa. Kiharusi.

Nirudi nyuma kidogo.

Kabla ya msimu ule walikuja watu wa utafiti wa presha na sukari. Aliyenipima anaitwa Dokta Amosi. Namtaja, kama namsingizia aje aseme. Kijana msafi, shikamoo nyingi. Akanifunga mkono, akatazama mashine, akatoa damu, akaandika.

Nikamuuliza, "Vipi dokta, mimi mzima?"

"Mzee wangu, wewe uko kundi la ulinganisho."

Wakuu, mimi niliishia darasa la nne. Nikajua presha imelingana, haijapanda wala haijashuka. Nikamshukuru Mungu.

Mtani wangu Nassoro, kitongoji cha pili, alipewa vidonge na watu hao hao. Nilimcheka huyo! "Myao umeoza, mwenzio nimelingana!"

Akanijibu, "Ringa tu, Mmakonde. Hata vinyago vyenu vimelingana, na havipumui."

Leo Nassoro ndiye anapulizia mikorosho yake na ya kwangu.

Amosi alirudi nikiwa wa kulishwa uji. Hakuja kwa pole, alikuja kupima awamu ya pili.

Mama Zuhura akamuuliza, "Baba, si ulisema mume wangu amelingana?"

"Hapana mama. Kundi lile tunawapima tu, hatuwapi dawa. Tunawalinganisha na wanaomeza."

"Na siku ile presha yake ilikuwaje?"

Akainama. "Ilikuwa juu."

"Juu sana?"

"Sana, mama. Ila alitakiwa aambiwe aende hospitali."

Aambiwe na nani? Si wewe uliyekuwa umenishika mkono?

Akapima, akaandika, akaacha mche wa sabuni, ati asante kwa kushiriki.

Nikampigia bosi wake, Dokta Salome. Maneno yangu yanatoka nusu nusu. Akasema utaratibu ulifuatwa, akakata.

Utafiti siupingi. Nassoro anatembea kwa utafiti huo huo. Ila ukipimwa presha, usiinuke kwenye kiti mpaka uambiwe iko juu au haiko juu, na uende wapi.

Wenye uelewa changieni, hata mwenye matusi karibu.

Lakini Amosi na Salome, najua uzi huu utawafikia. Namba yangu ya simu mnayo. Nani kati yenu alitakiwa kunifungulia mdomo siku ile, aniambie iko juu? Pole zenu sizihitaji. Nataka jina, na liandikwe hapa.