Waya wa Redio Niliukata Mimi

Admin, habari za kazi. Jina langu lifiche, na majina ya humu nimeyabadili yote. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, niko Ruangwa, mume wangu ni huyu huyu wa tangu ujana. Nimeandika haya mara nne nikafuta. Leo natuma kwa sababu muda umeniishia.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni tuliishi Nandagala. Mume wangu, Baba Somoe, alikuwa ananunua ufuta na mbaazi vijijini, na alikuwa na pikapu. Alichokipenda zaidi kwenye gari lile ni redio ya kaseti. Aliifunga mwenyewe, mimi nikimshikia tochi, na spika mbili kubwa akaziweka nyuma ya kiti, zikaziba kabisa kile kioo kidogo cha nyuma.

Mtoto wetu Somoe alikuwa na miaka mitano alipopata homa kali. Tukaamua kumkimbiza hospitali Nachingwea. Hakuweza kukaa, kwa hiyo tulitandika godoro nyuma ya pikapu, kando ya dumu la maji, nikapanda naye. Baba Somoe alikuwa mbele peke yake, vioo kavifunga kwa sababu ya vumbi, redio kaifungulia juu. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alikuwa anaogopa, hakutaka kubaki na mawazo.

Njiani mtoto akashikwa na degedege. Mbele nikaona zahanati ya kijiji. Nikagonga paa la gari, nikagonga kwa ngumi mpaka vidole vikachubuka. "Baba Somoe, simama! Simama!" Muziki ulikuwa unapiga tu. Zahanati tukaipita, nikawa naiangalia inavyobaki nyuma. Kabla hatujafika Ruponda mtoto akatulia. Na mimi nikaacha kugonga.

Hospitali walimpokea wakamfunika. Baba Somoe alikaa sakafuni. Akasema, kama anaongea na ukuta, "Lile dumu la maji ningelifunga. Limegonga njia nzima." Kisha akanitazama. "Mama Somoe, mtoto aliteseka?"

Nikamjibu, "Hapana. Alilala tu."

Sikulia pale, wala msibani. Watu waliisifu imani yangu. Haikuwa imani. Nilikuwa napika, nafua, napokea wageni, na ndani yangu hakuna kitu, kama nyumba iliyohamwa.

Arobaini ilipopita, akaanza tena kufungulia redio. Sikumkasirikia. Ila kila nilipoisikia inakuja, mikono yangu ilikufa ganzi, naangusha hata sufuria. Ijumaa moja alipokwenda kuswali, nikachukua kisu cha mboga, nikajiingiza chini ya usukani. Nilijua waya mwekundu ndio unaopeleka moto. Nikaukata, ncha zake nikazisukuma nyuma ya kapeti. Nikarudi kuchambua mchicha.

Alihangaika wiki nzima. Akatazama fyuzi, nzima. Honi inalia, taa zinawaka, kwa hiyo betri haina shida. Akang'oa spika akaziunga kwenye redio ya nyumbani, zikalia. Kila jioni ananieleza alichojaribu, namwitikia, "Pole, baba." Mwishowe akaenda kwa fundi umeme wa magari Nachingwea, nami nilikuwemo kwenye gari. Fundi akapima kwa testa. Kwenye fyuzi moto upo, kwenye redio haupo. Akaufuata waya kwa vidole mpaka chini ya kapeti, akatoa ncha mbili.

"Mzee, huu haukukatika. Umekatwa. Tena kwa kitu chenye makali."

Gari lile tulikuwa tunaligusa watu watatu: yeye, mimi, na mdogo wake Issa, aliyekuwa akimsaidia kuendesha. Wiki mbili nyuma Issa aliliomba aende nalo kwenye ngoma Chiola, akanyimwa, wakatupiana maneno. Mume wangu hakuwaza mara mbili. Tulipofika nyumbani akamwita uani.

"Umenikatia waya kwa hasira za kunyimwa gari?"

"Kaka, wallahi sijaugusa. Muulize shemeji, yeye hushinda hapa."

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema, "Mimi sijui mambo ya gari."

Issa aliondoka kesho yake na begi moja, akahamia Masasi. Hawajaongea tangu hapo. Hata kwenye maziko ya baba yao walisimama pande mbili za kaburi.

Miaka imepita, gari lilishauzwa. Sasa Issa anaozesha binti yake wa kwanza. Ametuma ujumbe kwamba anamtaka kaka yake kwenye harusi, ila kwanza aseme mbele ya ndugu kwamba alimsingizia. Mume wangu naye anasema, "Akiri alichofanya, nitakwenda kwa miguu yangu." Mwaka jana alipata kiharusi, mkono mmoja haufanyi kazi. Mimi ndiye ninayemlisha. Juzi nikiwa nampa uji akaniambia, "Mama Somoe, kinachonipa usingizi ni kwamba mtoto wetu hakuhangaika." Nikamfuta mdomo.

Kukiri kwamba waya niliukata mimi naweza, hata leo. Lakini ataniuliza kwa nini, na mimi uongo wa kumjibu sina, nimeutafuta sijaupata. Nikimwambia kwa nini, itabidi ajue kwamba siku ile aliyekuwa anagonga ni mimi, si dumu. Nikinyamaza, Issa ataozesha mtoto wake akiwa bado anaitwa mharibifu kwa kosa langu.

Harusi ni Jumamosi ijayo. Wenzangu mliopitia mengi, nani kati ya hawa wawili nimuumize? Naombeni mawazo yenu. Hata atakayenitukana aandike tu, nitasoma.