Joto la Mama Twahiru

Mke wangu anaitwa Nyirahabimana, lakini Biryogo yote, mtaa wetu hapa Kigali, inamwita Mama Twahiru, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Mimi ni fundi cherehani. Watu wanaokuja barazani kwangu kupimwa nguo hunisalimu mimi, kisha humuulizia yeye. Sijawahi kukasirika kwa hilo. Mafundi mtaani kwetu ni wengi, lakini mpishi wa harusi kama yeye hakuna wa pili, na hata wasiompenda wanakubali.

Upishi aliupata kwa nyanya yake, aliyefika Kigali na wafanyabiashara kutoka Ujiji wakati mji wenyewe ulikuwa kilima kimoja na maduka machache. Nyanya alimfundisha kukaanga vitunguu mpaka viwe na rangi ya udongo wa hapa kwetu. Alimfundisha kusikiliza sufuria, maana wali unapokaribia kukauka mlio wake hubadilika. Akamwachia mwiko mrefu wa mti, unaomfika mtu kifuani, na pamoja na mwiko akamwachia sheria ya chumvi.

Sheria yenyewe ni hii. Jikoni kwa harusi wanaweza kuwepo wanawake ishirini, wakimenya, wakipeta mchele, wakichochea kuni. Lakini chumvi inatiwa na mkono mmoja tu, wa yule aliyeshika mwiko. Wengine hawatii, hawaonji, wala hawaulizi. Kumwuliza mpishi kama ametia chumvi ni sawa na kumwuliza imamu kama ametawadha. Kwa zaidi ya miaka ishirini mke wangu alishika mwiko huo na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mwaka 1979 alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Siku zake za mwezi zilianza kuja ovyo, mara mbili karibukaribu, kisha kimya miezi miwili. Usingizi ukamkimbia. Niliamka nikamkuta ameketi kitandani, kanga imelowa jasho, na ilikuwa msimu wa mvua, sisi wengine tunatafuta blanketi. Mchana angeweza kuwa anacheka na jirani, mara uso unawaka, moyo unamwenda mbio, anatafuta mlango. Alikuwa akiingia chumbani kuchukua kitu na kusimama pale akijiuliza amefuata nini. Na hasira zilikuwa karibu. Siku moja nilimwambia chai imepoa kidogo. Sikusema tena habari ya chai mwaka ule.

Nilimshonea gauni pana la pamba, lisilo na bitana, nikaliweka kitandani. Wakati ule wanawake wote walitaka nailoni.

"Nani amekuagiza hili?" akaniuliza.

"Hakuna."

Akalivaa.

Kisha ikaja harusi kwa Habiyaremye, jirani yetu wa mtaa wa chini. Mke wangu alikuwa ametia chumvi kwenye supu ya nyama pale joto lilipompanda. Akaacha mwiko, akaenda nyuma ya migomba kupunga upepo. Aliporudi, alikuta bakuli la chumvi pale pale kando ya sufuria, akatia tena. Mwanamke mmoja alimwona. Akafunga mdomo, kwa sababu ya sheria.

Wageni walikula kidogo na kunywa maji mengi. Barazani kwa wanaume mzee mmoja alisema kwa sauti, "Leo Habiyaremye ametualika Katwe, kwenye ziwa la chumvi!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilitazama sahani yangu nikaimaliza yote.

Baada ya hapo maneno yakazunguka mtaa. Wengine walisema ana mimba ya uzeeni na anaona aibu mbele ya wakwe zake. Wengine walisema amepandwa na jini linalochukia moto. Uwamahoro, ambaye pia hupika na kwa miaka mingi amekuwa akiutamani ule mwiko, alisema kwa ufupi tu, "Moto umemkataa." Hilo ndilo lililomuuma mke wangu kuliko yote, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuliamini.

Mwenye duka mmoja kule Kabeza, karibu na uwanja wa ndege, jina lake Maneno, alikuwa anamwoza binti yake Mukeshimana. Mwaka mzima walikuwa wameahidiana kwamba Mama Twahiru ndiye atakayepika. Jumanne moja mke wa Maneno akaja kwetu na zawadi ya sukari, akakaa, akauliza habari za kila mtu hadi kuku. Mwisho akasema:

"Dada yangu, umetupikia siku nyingi. Safari hii tunataka ukae kama mama wa harusi, kwenye mkeka, uletewe chakula. Uwamahoro atashika mwiko."

"Nimekuwa mgonjwa?"

"Sisemi mgonjwa. Nasema umechoka."

"Nani amekwambia nimechoka?"

"Wee Mama Twahiru, usinitie katika maneno. Wageni watatoka Bujumbura. Watatoka Bukavu. Chakula kikiharibika, mtoto wangu ataitwa bibi harusi wa Katwe mpaka apate wajukuu."

Mke wangu akasema, "Nipe mpaka Ijumaa. Ijumaa nitakujibu, na nikisema siwezi, mwiko nitampelekea Uwamahoro kwa mikono yangu."

Siku ya pili tulikwenda kwenye kituo cha afya. Mimi nilibaki nje kwenye benchi pamoja na wamama wenye watoto, mwanamume peke yangu. Muuguzi aliitwa Mukandayisenga, mwanamke mnene wa sauti kubwa. Alimpima mke wangu damu na msukumo wa damu, akahakikisha si mimba wala malaria. Kisha akafungua mlango.

"Mume wake ni nani hapa? Ni wewe? Ingia."

"Nitasubiri tu, muganga."

"Joto linalala kitandani kwako, halafu unasubiri nje? Ingia, baba."

Nikaingia, nikatazama viatu vyangu. Aliongea kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Alisema mwili wa mwanamke una mayai, na mayai yana mwisho. Yanapokaribia kwisha, mwili unapunguza ile nguvu yake iliyokuwa inaleta siku za mwezi, na haupunguzi taratibu, unapunguza kwa kurukaruka. Ndiyo maana joto linapanda na kushuka, usingizi unakatika, kichwa kinasahau, roho inakuwa juu. Kwa Kinyarwanda tunaita gucura, na kila mwanamke anayeishi vya kutosha atafika huko.

"Basi si jini," mke wangu akasema.

"Jini gani litazunguka kwa wanawake wote wa Rwanda bila kupumzika? Hata mimi lilinipitia. Hapa hapa, nikimchoma mtoto sindano, jasho linadondoka."

Akamwambia inaweza kuchukua miaka, na kweli kwake ilichukua minne. Avae nguo nyepesi, avae mbili ili joto likipanda avue moja. Maji ya baridi karibu. Chai nzito na pilipili apunguze jioni. Atembee, apumzike mchana kama usiku umekuwa mbaya. Mpaka umalizike mwaka mzima bila damu, bado anaweza kushika mimba, kwa hiyo tusijidanganye. Na baada ya mwaka huo kwisha, damu ikitokea tena hata kidogo, au sasa hivi ikitoka nyingi kupita kiasi, asikae nyumbani, aje mara moja. Alisema pia mambo ya chumbani, ambayo sitayaandika, ila yalitusaidia.

"Na kusahau?" mke wangu akauliza. "Kazi yangu ni ya chumvi."

"Kusahau kunaletwa na kukosa usingizi, na kunaongezwa na kuficha. Unapokuwa na kazi ya kukumbuka na kazi ya kuficha, unafanya kazi mbili. Acha moja."

Njiani kurudi, mke wangu alitembea mbele yangu. Tulipofika kwenye mteremko wa nyumbani akasimama, akageuka. "Baba Twahiru, mimi siachi kukumbuka. Nitaacha kuficha."

Ijumaa alipanda gari hadi Kabeza. Hakupeleka mwiko kwa Uwamahoro.

"Hakuna jini wala mimba," alimwambia mke wa Maneno, mbele ya shemeji zake wawili. "Nimefika umri wa gucura. Napata joto, nasahau kidogo. Pilau bado naijua. Nitapika, lakini jiko mtalijenga nitakavyosema mimi, na Uwamahoro nataka awepo."

Mke wa Maneno alitazama chini. Neno lile kwetu halikuwa linasemwa hadharani. Mwishowe akasema, "Ukiharibu?"

"Nikiharibu, usinialike hata kula."

Siku ya harusi nilikuwa upande wa pili wa ua wa matete, nikipunguza kanzu ya bwana harusi iliyokuja ndefu. Sikuona kitu, ila nilisikia kila kitu. Mke wangu alikuwa amehamisha mafiga, ameyaweka mahali upepo wa uwanja wa ndege unapopita, moshi uende bondeni. Alikuwa amevaa lile gauni la pamba. Alikuwa na ndoo ya maji na kitambaa. Kuni kubwa alizitaka ziwashwe alfajiri, ili saa ya jua kali sufuria ziwe zimefunikwa na yeye akae kivulini.

Wanawake walipokusanyika, akapiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Jamani, sikilizeni. Mnajua nilichofanya kwa Habiyaremye."

"Tunajua, tulikunywa mtungi mzima!" akasema mmoja, na wakacheka.

"Basi leo chumvi haifichwi. Nikitia, nitasema kwa sauti, sufuria hii imeingia. Na nyinyi mtaitikia. Joto likinipanda nitaondoka, nikirudi nitawauliza."

Kisha nikasikia sauti ya Uwamahoro. "Tangu lini mpishi anauliza jikoni?"

"Tangu leo."

"Nyanya yako angesema nini?"

"Nyanya yangu alikufa na umri wa miaka arobaini na sita, maskini. Hakufika huku nilipo mimi."

Vicheko vikarudi. Kazi ikaanza. Kulikuwa na sufuria tatu kubwa, moja ya wageni wa mbali, moja ya wanaume, moja ya wanawake na watoto. Nilisikia vitunguu, kisha nyama, kisha harufu ya karafuu na mdalasini ikavuka ua mpaka kwenye kanzu niliyokuwa nashona.

"Ya kwanza imeingia!"

"Imeingia!" wakaitikia kama watoto wa chuo cha Kurani.

Ya pili nayo ikaingia, kisha mambo yakachanganyika. Kuni ziliporomoka, mtu akapiga kelele, mwingine akataka maji, na katikati ya vurugu hiyo nikamsikia mke wangu akisema, "Limekuja hilo." Nikasikia hatua zake zikienda kivulini, na kitambaa kikikamuliwa ndani ya ndoo. Sindano ikanichoma kidole.

Aliporudi akauliza, "Ngapi zimeingia?"

"Zote tatu," akasema mmoja.

"Mbili!" akasema mwingine. "Ya tatu hakuitangaza."

"Aliitangaza, kuni zilipoanguka."

"Wewe ulikuwa unakimbiza mbuzi, utajuaje?"

Wakaanza kubishana, wengi kwa wakati mmoja. Onjeni, mmoja akasema. Lakini ile ya tatu ilikuwa na mchuzi uliotoka kuongezwa maji na haujachanganyika, na ulimi usingeweza kusema kweli. Na mchele ulikuwa tayari umekaushwa maji, unangoja. Uwamahoro peke yake hakusema kitu. Nilijua, na nyumba yote ya Maneno ilijua. Akidanganya hapo, mwiko ni wake.

"Uwamahoro," mke wangu akaita.

"Naam."

"Wewe hunipendi. Kwa hiyo katika hawa wote ni wewe uliyekuwa unanitazama mkono bila kupepesa macho. Niambie. Mbili au tatu?"

Mtu akaguna kwa kujizuia kucheka. Uwamahoro alikawia. Nadhani alikuwa anachagua.

"Mbili," akasema. "Ya tatu ulichukua chumvi mkononi, kuni zikaanguka, ukairudisha kwenye bakuli. Niliona."

"Wallahi?"

"Wallahi. Na hiyo utie kidogo kuliko zile nyingine, kwa sababu ile nyama ni ya mbuzi."

"Hilo najua, mwanamke wee." Kisha kwa sauti kubwa, "Ya tatu imeingia!"

"Imeingia!"

Bwana harusi alioa akiwa na kanzu ya kimo chake. Tukaketi kwenye mikeka, masinia yakaja. Wageni wa Bukavu hawakusema neno muda mrefu, na hiyo kwa mpishi ni sifa. Maneno alitumwa mara mbili jikoni kuomba nyongeza, mara ya pili akakuta Uwamahoro anakwangua ukoko wa mwisho na hataki kuutoa. Mke wa Maneno alikwenda mwenyewe, na mbele ya wanawake wote akasema, "Mama Twahiru, mdogo wake Mukeshimana ataolewa mwakani, inshallah. Usimpe mtu mwingine ahadi."

"Nitakuja," mke wangu akajibu. "Ila na huyu awepo, anione mkono."

Nilipokwenda kumwita tupande gari, niliwakuta wanawake wameketi naye juu ya mafungu ya kuni yaliyobaki, miguu imenyooshwa. Walikuwa wanamwuliza maswali, huyu kuhusu usingizi, yule kuhusu mifupa, na mke wangu anajibu kama aliyesomea. Nikasimama mbali. Uwamahoro alikuwa wa mwisho kuuliza, akijifanya anafunga kanga.

"Huyo muuguzi wenu, Jumatatu anafungua?"

"Anafungua. Nenda na mume wako, atamwita tu ndani."

"Mume wangu? Wee! Akisikia maneno yale atakufa pale pale."

Mke wangu akaninyooshea mwiko.

"Wa kwangu yule pale. Amekufa?"