Tangi la Uani

Nyumba yetu ya Newala ina paa kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mabati yametokeza pande zote kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto, na chini yake vyumba vinne vimebanana gizani. Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza huuliza kama umeme umekatika. Marehemu mama yangu hakujali giza. Alichotaka ni kukinga mvua, basi kila bati linamwaga kwenye mfereji, na mifereji yote inaishia kwenye tangi la saruji alilolichimbisha chini ya ua. Huku juu hatuna mto wala chemchemi. Maji yako bondeni, na kupanda nayo kutoka bondeni kunakata pumzi hata kwa kijana. Bomba la mtaa lipo siku hizi, lakini hutoa upepo siku nyingi kuliko maji.

Tangi lilipojengwa palikuwa na kichekesho chake: hata maji ya kukorogea saruji hayakuwepo. Wanawake wa mtaa ndio walioyapandisha kutoka bondeni, ndoo kichwani, kiangazi kile chote, na mama hakuwa na cha kuwalipa. Aliwaambia tangi likijaa watateka. Likajaa, wakateka, na hawajaacha mpaka leo.

Shida ni njia. Ili kufika uani lazima upite mlango wa mbele, ushike korido katikati ya vyumba vyetu, utokee nyuma. Mama aliona hiyo ndiyo raha ya kuwa na nyumba. Mimi nilikua nikivaa nguo nyuma ya pazia huku watu wazima wanapita na ndoo wakinisalimia. Shikamoo zangu za utotoni nyingi nilizitoa nikiwa nimeshika kanga kwa meno.

Alipofariki, nyumba ilikuja kwangu. Kwetu nyumba ya mama huenda kwa binti, na kaka zangu walilikubali jambo hilo haraka mno, wakarudi makwao Mtwara. Mimi nikabaki na ufunguo wa kufuli la tangi, umefungwa kitambaa cha kanga yake kuukuu. Ukiwa na ufunguo ule, huna safari. Asubuhi lazima ufungue, jioni lazima ufungue. Nikienda harusini Masasi nikalala, kabla ya chai simu inaita: dada, vipi, unarudi na basi la ngapi? Hawasemi maji. Wanauliza habari za harusi.

Cherehani yangu ilinipa kiwanja Mkomaindo, kule Masasi, karibu na binti yangu na wajukuu. Nikamwambia fundi nataka mlango wa mbele uingie sebuleni kwangu na uishie hapo, na uani pawe na mlango mmoja tu, unaotokea jikoni. Akaniuliza ninamwogopa nani. Nikamjibu ajenge. Akasimamisha msingi, hela ikaishia pale. Kila nilipofika Masasi nilipita kuutazama. Nilikuwa naingia kupitia mlango ambao haujawekwa, natembea sebuleni kwangu penye majani, nasimama chumbani na kugeukia palipopaswa kuwa na dirisha. Nilipenda kile chumba kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala. Hakuna aliyepita.

Nikaamua kuuza Newala nimalizie Mkomaindo. Dalali akaleta wateja, na kila mteja alikutana na foleni ya ndoo kwenye korido. Majirani zangu walimpisha kwa adabu, wakamkaribisha nyumbani kwangu. Mmoja alininong'oneza, "Mama, hawa wote ni wapangaji?" Nilipomweleza, aliaga akasema anaenda kushauriana na mke wake. Nadhani bado wanashauriana.

Mwisho akaja mfanyabiashara ambaye hakushtuka. Alipiga mfuniko wa tangi kwa kisigino, akasikiliza, akaridhika. "Hii korido naziba," alisema. "Nitazungusha ukuta, tangi liwe la humu ndani tu." Alisema bila haya, na mimi nilifurahi. Lazima niseme hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Roho yangu ilikuwa nyeupe kabisa.

Kuuza nyumba mtaani kwetu kunataka majirani mnaopakana nao waje kwa mwenyekiti kuweka saini kwamba hawana pingamizi. Hapo ndipo nilipojua vita vitakuwepo. Nilitayarisha maneno. Nilitayarisha hata sauti. Nikaanza na bibi wa nyumba ya mkabala, shoga wa mama, aliyebeba maji ya saruji kuliko wote na magoti yake yanaonyesha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza yote, pamoja na ukuta. Alikuwa anapepeta mpunga, hakuusimamisha ungo.

"Nyumba ni yako," akasema. "Tutakuja kusaini. Maji tumeshakunywa ya kutosha."

"Hamna neno?"

"Neno gani tena? Nenda ukakae na wajukuu."

Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Wa nne alinipa na papai. Nilirudi na maneno yangu yote mdomoni, sina pa kuyatema.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango, nikafungua kufuli, hakuja mtu. Nilikunywa chai nimekaa katikati ya korido, miguu nimeinyoosha mpaka ukutani, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu. Ilikuwa raha. Jioni hawakuja. Kesho yake hawakuja. Nikawaza labda bomba limetoa maji, nikaenda kulitazama. Lilikuwa kavu, na mbuzi amelala chini yake.

Ndipo niliposhika njia ya bondeni. Sikufika mbali. Niliwakuta wanapanda, mmoja mmoja, kimya, jua likiwa limeshakuwa kali. Bibi wa mkabala alikuwa wa mwisho. Ndoo yake ilikuwa nusu, na kila baada ya hatua chache alisimama akashika goti.

"Mama, tangi liko wazi. Kwa nini hamji?"

"Najizoesha, mwanangu," akasema. "Nimekaa sana bila kushuka. Nikingoja mpaka ukuta ujengwe, nitashindwa kuanza ghafla."

Nikaishika ndoo. Aliniachia bila ubishi, na hilo lilinikasirisha zaidi. Tukapanda, mimi mbele, yeye nyuma akihema. Tulipofika juu akaniuliza, "Kusaini ni lini? Isiwe Jumatano tu, Jumatano nina kliniki ya magoti hospitali ya Ndanda."

Hakuwa ananisuta. Nimemjua tangu nilipozaliwa, hajui kusuta. Alitaka kweli kujua siku, asije akanichelewesha. Nikasimama pale na ndoo yake kichwani, maji yananichirizika shingoni, nikaona mlango wa Mkomaindo unafungwa na mimi niko nje. Kama angenitukana, ningeuza. Kama hata mmoja wao angenuna, akanisema vibaya bondeni, ningefunga virago siku ile ile na nisingegeuka nyuma. Watu wabaya unaweza kuwaacha.

Nikampigia dalali nikamwambia basi. Akauliza kama nimepata bei nzuri zaidi. Nikakata simu.

Jioni nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti kwamba mlango uko wazi. Walikuja. Hakuna aliyeshukuru wala aliyeuliza kulikoni, na mama wa papai alilalamika kwamba korido yangu inateleza, nifagie. Nilifagia. Usiku huo nililia, halafu nikajikasirikia kwa kulia, halafu nikalala, maana asubuhi lazima kufungua.

Majuzi jirani wa Mkomaindo alipiga simu. Ni mwanamke mpole, hatujuani sana. Alisema mvua zimeanza vizuri Masasi, na ardhi ndani ya msingi wangu ina rutuba. Akaomba, kama sina mpango wa kuendelea mwaka huu, apande kunde.

Kwenye korido kulikuwa na ndoo zinagongana, na mtu anaita, "Dada, kufuli."

Nikamwambia apande sebuleni na jikoni. Chumbani aniachie.