Mgeni Asijisikie Vibaya

Shuleni kwa mjukuu wangu, hapa Buswelu, Wazungu wa kujitolea walikuwa wanakuja kufundisha Kiingereza. Mmoja anakaa wiki chache, anaondoka, anakuja mwingine, na kila mmoja anaanzia rangi. Mimi sijasoma, ila kuwaigiza nawaweza: "Watoooto, hii redi! Hii bulu!"

Siku moja nikachungulia dirishani. Mjukuu wangu, mtu mzima wa darasa la saba, anaitolea macho karatasi nyekundu kama hajawahi kuiona.

Nyumbani nikamtania, "Mke mwenza, redi imekushinda?"

"Naijua tangu la tatu, Bibi. Tukisema tunajua, mgeni atajisikia vibaya. Katoka mbali."

"Kumbe nyie ndio mnamfundisha kufundisha!"

Hakucheka. "Sekondari masomo yote ni Kiingereza. Nitaelewa nini?"

Nikamwambia amwombe mgeni aendelee mbele. Akaniangalia kama nimemtuma akamtukane mkwe.

Sasa yuko kidato cha kwanza. Jana nimemuuliza kwenye baiolojia wamesoma nini.

"Sijui, Bibi. Mwalimu anaandika, sisi tunanakili."

Nikamwomba aniigizie huyo mwalimu tucheke. Akaenda kuosha vyombo.