Swali Aliloulizwa Binti wa Mpambaji

Asubuhi ya Jumanne, nikiwa bado naosha vikombe vya chai, jirani mmoja alinipigia simu akasema maneno mawili tu: "Mpambaji ametangulia." Sikuuliza mpambaji gani. Malindi ina wapambaji wengi, lakini pale mtaani kwetu Barani ukisema mpambaji bila kuongeza neno, watu humjua mmoja: mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mzaliwa wa Ngomeni, aliyekuwa akiwapaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi ya urembo, tangu wengi wetu hatujazaa. Alizikwa siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Wasomaji wangu wa siku nyingi mwajua kuwa safu hii si mahali pa tanzia. Watu hufa kila siku na kila nyumba ina kilio chake. Lakini kwa huyu nimeshindwa kunyamaza, maana kuna jambo lililotokea mbele ya macho yangu miezi michache kabla hajafa, na kila nikijaribu kuandika habari za barabara au za bei ya unga, kalamu hurudi huko.

Hatukuwa marafiki wa kuitana nyumbani. Tulikuwa tukikutana kwenye arusi, mimi nikiwa mgeni na yeye akiwa kazini, akikaa chini kwenye mkeka na mguu wa bibi arusi mapajani mwake. Alikuwa na namna yake ya kuwafanya wasichana wazungumze. Hakuwa akiuliza maswali makubwa. Angeuliza, "Viatu wavaa namba ngapi, mwanangu?" au "Nani atakulishia paka wako ukishahama?" na msichana aliyekuwa akitetemeka tangu asubuhi angejikuta anacheka, kisha analia, kisha anasema yaliyomo moyoni. Nakumbuka arusi moja ambayo bibi arusi hakusema neno kabisa. Mpambaji alimaliza mkono mmoja, akautazama uso wa yule mtoto, akatuomba sote tutoke. Tulikaa nje tukitazamana. Alipofungua mlango alimwita mama wa bibi arusi akamwambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Hina ya huyu haishiki. Ngojeni kwanza." Mama akahamaki, "Haishiki vipi, na watu wameshaalikwa?" Akajibu, "Haishiki, mama. Mimi kazi yangu naijua. Ingia ukae na mwanao, umuulize wewe mwenyewe." Ile arusi haikufungwa, na aibu ya familia ile tuliisikia mtaa mzima. Lakini yule msichana leo ni muuguzi, na nilimwona kwenye mazishi akilia kama aliyefiwa na mamake.

Basi huyo ndiye aliyekuja kwangu mwanzoni mwa mwaka, akavua viatu mlangoni, akakataa chai. Alikuwa amekonda. Alisema mgongo ulikuwa unamsumbua, kazi ya kuinama miaka yote, na kwamba ndugu zake wamemchangia aende India akatibiwe. Hakuwa na mume. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Wa kumsindikiza alikuwa mmoja tu, binti yake wa pekee, msichana wa miaka kumi na saba. Wote wawili hawakuwahi kuwa na pasipoti. Yeye mwenyewe hakuwa na wasiwasi. "Mimi nitajieleza," alisema. "Lakini mwanangu, dada, akiulizwa na mtu asiyemjua huwa kama amekabwa. Shuleni akisimamishwa kujibu, huketi chini akitweta. Nami naambiwa atahojiwa. Wewe kazi yako ni kuuliza watu maswali. Nifundishie." Niliona ajabu kidogo kwamba mtu aliyewafungua vinywa wasichana wa mji mzima anakuja kwangu kwa ajili ya wake, lakini sikumwambia. Nilidhani ni kama fundi seremala ambaye mlango wake hautengenezi.

Binti alikuja kila jioni baada ya masomo. Aliniita khala, kama watoto wa huku wanavyowaita dada za mama zao, na mwanzoni hilo ndilo lilikuwa neno lake pekee. Alikuwa na tabia ya kuvuta ukosi wa bui-bui hadi midomoni. Nilikaa upande wa pili wa meza nikajifanya afisa. Jina lako kamili? Umezaliwa wapi? Baba yako yuko wapi? Jibu la kwanza lilimchukua muda mrefu hata chai ikapoa. Lakini siku zilivyokwenda sauti yake ikapata nguvu, na kuna jioni alijibu maswali yote huku akinitazama machoni, nikampigia makofi, akatabasamu. Yote isipokuwa moja. Kila nilipouliza, "Mama anaumwa nini?" alikuwa ananyamaza. Nilimrahisishia: "Sema tu mgongo, basi." Alikuwa akiutazama mkono wake. Nilimwambia ajizoeze kulisema mbele ya kioo. Niliiona ni ile hofu yake ya kawaida, imejificha kwenye kona ya mwisho kama vumbi, na kwamba itatoka yenyewe.

Siku ya miadi tulikwenda Mombasa sote watatu. Kwenye ofisi ya pasipoti kulikuwa na watu wengi, lakini utaratibu ulikuwepo, na zamu yetu ilifika kabla ya adhuhuri. Mama alihojiwa kwanza akamaliza haraka, akimchekesha hata afisa. Kisha binti akaitwa, na kwa kuwa hajatimiza miaka kumi na minane, mama akakaa kando yake. Mimi nilikuwa kwenye benchi nyuma yao, karibu kiasi cha kusikia. Yule afisa alikuwa kijana wa bara, mpole, aliyemwambia, "Usiogope dada, ni maswali tu." Na binti akajibu. Jina, mahali alipozaliwa, shule, baba. Nilikuwa nimeshikilia mkoba wangu kwa mikono miwili kama mzazi kwenye mashindano ya shule. Kisha afisa akauliza, bila ubaya wowote, "Na mama anaenda kutibiwa nini?"

Binti akavuta ukosi wa bui-bui hadi midomoni. Mama akawahi, "Mgongo, mwanangu. Ni mgongo tu huu."

Afisa akainua kiganja. "Mama, tafadhali, mwache ajibu mwenyewe."

Nilimwona binti akishusha ukosi wa bui-bui kutoka midomoni. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu, kavu na wazi, "Saratani. Ya titi. Imeshaingia kwenye mfupa wa mgongo."

Sijui nieleze vipi uso wa mama yake. Haukuonyesha hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba mzigo mzito njia nzima kwa siri, akageuka akamkuta mtoto nyuma yake ameushika upande wa pili tangu mwanzo. Afisa akakohoa, akasema pole, akapiga mihuri yake akawaelekeza kwenye picha. Picha ile ya binti ina macho makavu. Ya mama sikutaka kuiona.

Nje kulikuwa na mwanamke anauza maji ya ukwaju. Tukaketi kwenye viti vyake vya plastiki na hakuna aliyekunywa. Mama ndiye aliyeanza. "Tangu lini wajua?"

"Tangu Ramadhani."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Mimi ndiye nifuaye nguo zako, mama. Karatasi za daktari zilikuwa mfukoni."

Mama akafunga macho. "Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Nilitaka kuinuka niwaache lakini mama alinishika mkono. Akatueleza sote wawili kwa pamoja, maana hata mimi nilikuwa naamini habari ya mgongo. Uvimbe aliuhisi mwaka mzima na zaidi kabla hajamwona daktari. Aliona haya kuvua nguo mbele ya mtu. Aliogopa maharusi wangekataa kupakwa na mkono wa mgonjwa, kwani watu wetu huona mkosi hata pasipo na mkosi. Zaidi ya yote aliogopa kwa ajili ya mtoto huyu mwenye kutetemeka, akajiambia kwamba akilisikia hilo neno atavunjika. Na mtoto, kwa upande wake, alikuwa akilinyamazia akidhani mama ndiye atakayevunjika. Wamekaa nyumba moja, wamekula sinia moja, mwezi baada ya mwezi, kila mmoja akimchungulia mwenzake usingizini kuona kama apumua.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile ilifungua mlango na mambo yakawa mema. Pasipoti zilitoka, na zilitoka mapema kuliko tulivyotarajia. Lakini madaktari waliotazama vipimo vyake walisema hawezi tena kuvumilia safari ya ndege, na hata angefika, hakuna ambacho wangemfanyia isipokuwa kumpunguzia maumivu. Muda wa kutibiwa ulikuwa umepita wakati yeye yuko kwenye mikeka ya watu akiwauliza wasichana habari za paka. Nilipokwenda kuwatazama niliwakuta wamelala kitanda kimoja, wakizungumza kwa mnong'ono, nami nikafurahi nikadhani angalau wamepata hilo. Hawakulipata kwa muda mrefu. Ugonjwa ulipanda kichwani. Wiki za mwisho alikuwa akimwita binti yake kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa utotoni, akimwambia ahadhari asimwambie mama. Msichana aliitika kwa jina hilo, na siri aliyopewa akaahidi kuitunza. Kulikuwa na mengi aliyotaka kumuuliza mamake, alinieleza baadaye, na alikuwa ameyapanga.

Kwenye msiba nilisikia watu wakisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo ni ya kweli, na ilinikera. Waliokuwa wakiisema ni watu wale wale ambao, kama mpambaji angewaambia mapema, wangemuuliza amemkosea nani, amekanyaga nini, mbona asiende kwa mganga fulani kwanza. Huku kwetu tuna neno zuri sana, stara. Ni neno la heshima, linafunika uchi wa maskini, aibu ya jirani, ugomvi wa mke na mume. Lakini tumelivuta hadi likafunika mpaka kisichokuwa aibu. Titi la mwanamke mgonjwa tumelifanya kama dhambi aliyoitenda. Nimehesabu moyoni wanawake ninaowajua, kutoka hapa hadi Kilifi, waliozikwa kwa "mgongo", kwa "tumbo", kwa "presha", nikaacha kuhesabu. Watoto wetu tunawalea ndani ya kimya hicho, kisha tunashangaa kwamba hawawezi kusema mbele ya watu. Nilifikiri msichana yule ana ugonjwa wa woga. Sasa nadhani alikuwa na akili timamu kabisa: alijua kwamba kila atakapofungua mdomo, lile neno ndilo litakalotangulia kutoka.

Siku ya hitima, kisomo cha kumrehemu, wanawake tulijaa chumba hadi uani. Binti alikuwa ameketi katikati ya makhala na mabinamu, na baada ya dua, sahani za pilau zikiwa zinapita, akazungumza. Hakuna aliyemuuliza. Alisema, kwa ile sauti kavu niliyoisikia Mombasa, "Nataka niwaulize. Nani hapa amejipima? Mama alikuwa na uvimbe mwaka mzima. Ni kujishika tu kwa mkono unapooga. Nani amejishika?" Vijiko vikasimama. Nilitazama nyuso za watu wazima, za walimu, za wafanyabiashara, za mama zetu, na kila moja ilikuwa imeinama. Ndipo bibi mmoja, mwenye huruma kweli kweli, akamvuta kifuani akamwambia, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza. Wanaume wako barazani, watasikia." Na wengine wakaitikia, "Nyamaza, mpenzi, ni majonzi hayo." Akanyamaza. Pilau likaendelea kupita.

Niliposimama kusema kwamba mtoto ameuliza swali na anastahili jibu, nilikubaliwa kwa vichwa na kupewa glasi ya sharubati. Sasa anaishi na nyanya yake Ngomeni. Nilikwenda kumwona juma lililopita. Ananiamkia, ananitilia chai, anajibu "ndiyo, khala" na "la, khala". Sina hakika kama ataniuliza tena kitu, wala kama atamuuliza mtu yeyote, na nikisema nina matumaini nitakuwa nawadanganya.

Kwa hiyo funzo langu leo ni fupi na halina faraja ndani yake. Ninyi mnaowaficha watoto wenu jambo kwa kuwahurumia, msijisumbue. Wanajua. Wanafua nguo zenu, wanasikia mnavyogeuka kitandani, wanajua. Waulizeni wakati mngali hai kuyasikia majibu.