Mvua ya Kigen Inayopanda

Dadangu Cheptoo anauza chapati na ndengu Kaptembwo, na kabla sijaendelea niseme wazi kwamba ni mtu mgumu. Mtaa wote unamwita Mama Jeruto. Mimi namwita Cheptoo kwa sababu tulilala kitanda kimoja utotoni na najua alivyokuwa akinifinya. Akisema chapati imeiva, imeiva, hata kama wewe unaona unga mbichi. Kula ulipe uende.

Mumewe, marehemu Kigen, alikuwa dereva wa malori. Safari moja walimpa mzigo wa kupeleka mpaka Livingstone, karibu na yale maporomoko makubwa ya Victoria, pale Zambia inapopakana na Zimbabwe. Akaegesha lori, akatembea akaenda kuyaona. Alirudi Kaptembwo na habari moja tu mdomoni.

"Kule mvua inanyesha ikipanda," alisema. "Inatoka chini inaenda juu. Ilinilowesha magoti kwanza, kofia ikawa ya mwisho."

Woi! Watu walicheka hadi wakashika ukuta. Tangu siku hiyo Kigen hakupita njia bila kuulizwa, "Mzee, leo mvua inapanda ama inashuka?" Na aliyecheka kuliko wote alikuwa mke wake, huku akigeuza chapati. Kigen alikuwa mpole kupita kiasi. Alicheka pamoja nao miaka mingi, halafu akaacha kabisa kuisimulia.

Siku ya kumzika, yule bwana aliyeshika maikrofoni akaona atuchangamshe. "Marehemu ametutangulia," akasema, "ameenda kuangalia ile mvua yake ya kupanda." Watu wakacheka kando ya kaburi, udongo mikononi. Cheptoo naye akacheka, kwa mazoea. Kisha nikaona mdomo wake umefungwa kama duka siku ya maandamano, na haukufunguka tena mpaka jioni.

Kesho yake tulikuwa tunaosha masufuria ya matanga. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Chelagat, naenda kuona hiyo maji. Kama Kigen alikuwa mwongo, nijue niliolewa na mwongo. Na kama hakuwa mwongo..." Hakumaliza. Alisugua ile sufuria mpaka nikaionea huruma.

Basi mipango ikaanza. Binti yake Jeruto, anayefanya kazi Eldoret, akamshughulikia pasipoti. Walipompiga picha aliambiwa asitabasamu, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Jeruto akapata kampuni ya Nairobi inayopeleka watu kwa basi, wanapitia Tanzania. Kampuni ikatuma ujumbe: Mama adungwe chanjo ya homa ya manjano mapema, mpakani wataangalia kadi. Cheptoo akasoma ujumbe, akaweka simu chini. "Sindano ni sindano," akasema. "Nitadungwa nikipita."

Kilichomshughulisha ni kusindikizwa. Sisi huku mtu hasafiri kimyakimya kama anayetoroka deni. Lazima aombewe, aimbiwe, watu wale, ndipo safari ihesabiwe kuwa safari. Chama cha akina mama kikachukua usukani. Mwenyekiti wake ni Wachuka, anayeuza mitumba kibanda cha pili kutoka kwa Cheptoo, na Wachuka akishika jambo hata serikali inamkalia kando. Wakashona sare za kitenge. Mbuzi akachinjwa. Pasta Elphas akaomba maombi marefu, akakemea mamba, akakemea breki za basi, akakemea wachawi wa nchi nne tulizomtajia na moja aliyoiongeza mwenyewe. Amina zetu zilianza na nguvu zikaisha na njaa.

Mwishowe Wachuka akamkabidhi chupa tupu ya soda mbele ya watu wote. "Mama Jeruto, niletee maji ya huko. Usijisumbue kuinama. Kama kweli mvua inapanda, itaingia yenyewe."

Watu wakavunjika mbavu. Cheptoo akaitia chupa kwenye mkoba, juu ya kofia kuukuu ya Kigen. Nilimuuliza kofia ni ya nini. "Jua," akanijibu.

Sindano alidungwa siku hiyohiyo, kati ya mbuzi na maombi.

Asubuhi yake Nairobi, msichana wa kampuni akafungua ile kadi ya manjano, akaitazama, akamtazama Cheptoo. "Mathe, hii umedungwa jana. Inaanza kufanya kazi baada ya siku kumi. Mpakani watakurudisha."

"Nimeombewa!"

"Nimesikia, mathe, lakini kadi bado."

Wakamhamishia basi la wiki mbili mbele. Mtu mwenye akili angerudi kwake, achekwe siku moja, aendelee na chapati zake. Mimi niliyekuwa nimeketi kwangu Kiamunyi, si mbali na Kaptembwo, nikisonga ugali nikasikia mlango unagongwa kwa ngumi, na kufungua, ni Cheptoo na mkoba.

"Funga mlango," akaniamuru, ndani ya nyumba yangu.

Aliponieleza nikamwambia, "Si urudi tu Kaptembwo uwaambie safari imesukumwa mbele?"

"Wamekula mbuzi, Chelagat! Nitarudi niwaambie nini? Watapike?"

Basi akajificha kwangu. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakuwahi kupata mgeni ambaye haruhusiwi kuonekana shambani. Alikaa nyuma ya pazia akihesabia majirani dhambi zao. Ugali wangu ulikuwa laini. Chai yangu ilikuwa maji. Mume wangu, alisema, anakohoa kama mtu anayeficha kitu. Simu yake aliizima, kwa hiyo Kaptembwo wakawa wanapigia mimi: amefika? Ameona? Nikawa nawajibu kwamba mtandao wa kule ni mbovu, na Cheptoo ameketi hapohapo ananitolea macho kwamba sidanganyi vizuri.

Siku moja alichoka kukaa ndani. Akavaa koti la mume wangu, barakoa iliyobaki tangu wakati wa korona, na kofia ya Kigen, akaenda kununua nyanya barabarani. Angenyamaza angepona. Lakini Cheptoo na nyanya laini!

"Hizi unauzia nani?" akamfokea mwenye kibanda. "Watu wasio na meno?"

Nyuma yake alikuwa amesimama Wachuka, amemletea mteja wa Kiamunyi mashuka. "Haiya! Mama Jeruto?"

"Umenifananisha, mama," Cheptoo akajibu kwa sauti nzito. "Mimi ni mgeni hapa." Kisha akaondoka kwa ule mwendo wake wa kusukuma bega moja mbele, mwendo ambao hakuna mwingine anao toka Njoro mpaka Bahati. Wachuka hakubishana. Alitoa simu, akapiga picha ya mgongo. Kabla sukuma hazijaiva kwangu, picha ilikuwa imefika kwa kundi la chama: "Zambia siku hizi iko Kiamunyi."

Nilikasirika, nikamkasirikia kila mtu. Nikamwambia, "Sasa unaenda kufanya nini? Ukienda usiende, hakuna atakayekuamini. Umeharibu. Kaa nyumbani."

Akaivua ile kofia, akaiweka magotini. "Kwani mimi naenda kwa sababu ya Wachuka?" akaniuliza. Aliuliza pole pole, na Cheptoo akiongea pole pole mimi huogopa.

Aliondoka bila mbuzi na bila sare. Nilimsindikiza peke yangu mpaka stendi, nikampa njugu za kutafuna, nikamwombea nikiwa nimesimama: Mungu, huyu ni Cheptoo, unamjua, Amina. Basi likaenda.

Aliporudi, mwezi wa Aprili ukielekea mwisho, chama kizima kilikuwa kinamngoja nyumbani kwake, na Pasta Elphas katikati. Hakuna aliyeimba. Wachuka alikuwa amevaa miwani kabisa. Cheptoo akawapa simu waangalie picha.

Ukweli nitausema, picha zilikuwa bure. Kule Aprili maji yamejaa, na mvuke wake unafunika kila kitu. Ulichoona ni weupe mtupu, na katikati ya weupe mwanamke amevaa karatasi ya plastiki na kofia, mdomo wazi.

"Huu ni ukungu wa Timboroa," Wachuka akasema.

"Hapana, ni Molo," mwingine akasema. "Mwezi wa saba Molo iko hivyo."

Pasta Elphas akaishika simu mbali na macho, akaisogeza karibu. "Asubuhi sana," akasema kwa upole, "hata Mau Summit inaweza."

Cheptoo akatoa ile chupa, imejaa. Wachuka akaifungua, akainusa. "Ya Njoro," akasema, akaimwaga kwenye mkebe wa maua.

Ndipo dadangu akasimama. Huyu ni mtu anayeongea na mikono, lakini aliiacha ikaning'inia tu. "Nilisikia kabla ya kuona," akasema. "Ardhi ilikuwa inatetemeka mpaka kwenye nyayo. Nikasogea ukingoni, maji yanaanguka huko ndani, huoni mwisho. Halafu mvua ikatoka kule chini ikapanda. Ikapanda, jamani! Ilinilowesha magoti kwanza. Kofia ikawa ya mwisho."

Kisha nyumba ikapasuka kwa kicheko. Walipigana mabega, wakafuta machozi. "Mvua inapanda!" wakapiga kelele. Hata Pasta alificha uso kwenye Biblia na tumbo likawa linatikisika. "Njia ya mwongo ni fupi," Wachuka akasema, "lakini yako, Mama Jeruto, haikuvuka hata Kiamunyi!"

Niliinuka nikamwita Wachuka jina ambalo sitaliandika. Nilikuwa nimeshika kikombe, na Mungu anajua kilikuwa kinaelekea wapi. Cheptoo akanivuta sketi. "Keti, Chelagat." Nikaketi. Nilipomtazama, hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa anawasikiliza wakicheka, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

Walipoondoka tukabaki na vyombo, mimi na yeye na karai. Nikamuuliza, "Ile siku ya matanga hukumaliza. Ulisema kama Kigen hakuwa mwongo. Ukanyamaza."

Akasugua sufuria. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyapangusa. "Nilitaka niseme nitamwomba msamaha," akasema. "Lakini msamaha nitampa wapi sasa? Miaka yote hiyo alisema ukweli akiwa peke yake, na mimi nimesimama upande wa wanaocheka." Akaisuuza sufuria, akaifunika. "Basi leo nimevuka."

Kesho yake kibanda kilijaa, wateja na wasio wateja. Jamaa mmoja wa bodaboda akajikausha uso, akauliza kwa sauti ya wote kusikia, "Mama Jeruto, leo mvua inapanda ama inashuka?"

Cheptoo alikuwa amevaa ile kofia. Akageuza chapati upande wa pili.

"Inapanda," akamwambia. "Mimi na mzee wangu tuliiona."