Mji wa Daraja Nilioteka Siku ya Msiba

Mie vita navijua. Nimechoma miji, nimekata reli, nimevusha majeshi mito yenye mamba wakubwa kuliko msikiti, na yote hayo nimeyafanya nimekaa kwenye kigoda hapa Makorora, nyundo mkono mmoja na simu mkono wa pili. Kazi yangu fundi bati. Natengeneza majiko ya mkaa, ndoo, mifereji ya nyumba. Nikianza kugonga asubuhi, kuku wa Pangani wanasahau kutaga. Shule sikwenda. Nilikwenda chuoni kwa maalimu, nikatoka na juzuu moja na alama za bakora, na hizi herufi nyingine nimejifunza kwenye makopo ya mafuta niliyokuwa nayakata. Kwa hiyo nikikosea kuandika, mlaumuni mwenye kopo.

Vita vyenyewe ni mchezo wa ubao. Mwenye ubao ni bibi mmoja mstaafu anayekaa juu Amani. Nilipanda kwake kumfungia mifereji, maana Amani mvua hainyeshi, inamwagwa. Nikamkuta kautandaza mezani: ramani ya nchi isiyokuwepo duniani, ina milima, ina reli, ina bandari, na juu yake vipande vya mbao vya rangi rangi.

"Shikamoo bibi. Huu ushonaji?"

"Marahaba. Hivi ni vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nchi imegawanyika, kila mmoja anasema serikali ni yeye."

"Ah, hiyo naijua. Nina wake wawili."

Bibi akacheka mpaka miwani ikaingia kwenye chai. Tangu siku hiyo nikawa jemadari.

Tunacheza kwa imeli kwa sababu hatukai pamoja. Bibi yuko mlimani na ubao wake, mie niko mjini, wengine wametawanyika. Kila mmoja anaandika amri za jeshi lake kwa siri, anamtumia bibi kabla ya adhuhuri ya Alhamisi. Bibi anazifungua zote kwa mpigo, anasogeza vipande, kisha anatutumia picha ya ubao tuone nani kalia na nani kacheka. Mwanzo tulijaribu WhatsApp, ikatushinda. Watu walikuwa wanafuta amri zao wakiona mambo mabaya, halafu wanaapa hawakutuma kitu. Imeli haina kufuta. Ukishatuma umetuma, kama mate. Na katikati ya wiki mnaandikiana wenyewe kwa wenyewe, mnapatana, mnadanganyana, mnageukana. Uongo unaruhusiwa. Bibi alisema mapema: "Amri mniletee mimi, uongo pelekeaneni."

Sasa huko kwenye uongo ndiko nilikokuwa sultani, mie na mtani wangu.

Mtani wangu anafanya kazi korona, ile mashine ya kukamua mkonge, kwenye shamba moja upande wa Muheza. Yeye Mnyamwezi, babu yake aliletwa kukata mkonge. Mie Mzigua wa Mkwaja. Na Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu watu wanatembea kwa miguu kutoka bara mpaka pwani na mizigo kichwani. Yaani akinikuta nakula, anakaa, anakula, na akishiba ananisimanga kwamba chakula kibaya. Mie nikimkuta na shati jipya namvua. Hakuna kununa. Mama yake ndiye aliyekuwa bingwa. Niliwahi kumtengenezea jiko, na tangu hapo kila nikifika namwamkia, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba mtumwa wangu. Jiko gani uliniuzia, linakula mkaa kama mume mlevi!" Mkono mmoja kiunoni, mwiko mkono wa pili, na kidevu kimeinuka kama bendera.

Huyo mtani nilimwingiza mie kwenye vita. Jeshi lake jekundu, langu la kijani, na katikati yetu kuna mto, na juu ya mto kuna Mji wa Daraja. Mwenye mji huo ndiye mwenye nchi. Alikuwa nao yeye. Mie niliutamani ule mji kuliko nilivyomtamani mke wangu wa pili, na yule nilimtamani mpaka nikakonda nikawa naweza kujificha nyuma ya fimbo.

Lakini mtani alikuwa mjanja. Kila nikikaribia daraja, anafiwa. Wallahi. Naweka majeshi ukingoni, imeli inaingia: "Mtani, bibi yangu kafariki, naomba usimamishe vita." Nasimamisha. Wiki ijayo kaleta mizinga. Bibi huyo kafa mara nyingi mpaka malaika wamemzoea. Mie nami sikulala. Nilipozidiwa kule relini nilijifanya mke wangu mkubwa nikaandika: "Mume wangu ametutoka, tafadhalini msimshambulie." Mtani akajibu: "Poleni sana shemeji. Mrithi ni nani, jiko zuri ninalo, naja kukaa eda nawe." Tulicheka wiki nzima. Ndivyo tulivyokuwa. Utani wetu na vita vyetu tulivichanganya chungu kimoja, tukakoroga, tukanywa.

Basi siku hiyo, Alhamisi asubuhi, niko na bati, majeshi yangu ya kijani yote yako ukingoni. Imeli ikaingia. Kaandika, nakala kwa bibi wa Amani: "Mtani, mama ametutoka alfajiri hii. Tunazika leo saa tisa. Njoo. Zamu hii nivumilieni."

Nilicheka mpaka nyundo ikaniangukia mguuni. Nikasema, huyu leo kaishiwa na mabibi, kaingia kwa mama! Nikamwita jirani yangu muuza kahawa nikamsomea, naye akacheka. Nikamjibu: "Poleni. Mwambieni marehemu anipikie, naja na jeshi zima." Halafu nikamwandikia bibi wa Amani amri: kijani wote wavuke, wateke Mji wa Daraja. Nikatuma. Nikaagiza kahawa na kashata, nikanywa kama jemadari.

Magharibi simu ikalia. Bibi wa Amani.

"Ile imeli ya mwenzako uliisoma?"

"Niliisoma bibi. Leo kacheza vizuri, kidogo anikamate."

Nikasikia mvua ya Amani kwenye ile mifereji yangu.

"Hakuwa anacheza," akasema. "Mimi ndiyo kwanza natoka kuzika."

Nikamuuliza, ilikuwaje. Akaniambia kaburi lilikuwa tayari, katekista kamaliza kusali, watu wameshika majembe, na mwenzangu kawazuia. Anasema, "Ngojeni kidogo, mtani wangu anakuja. Lazima aje aruke kaburini atusumbue." Maana ndiyo kazi ya mtani msibani. Watu wakilia, weye unachekesha. Unalala kaburini unasema hapa pazuri nami nizikeni. Unavaa nguo za marehemu unatembea kama yeye, ili wafiwa wapumue. Ndugu hawezi kufanya hivyo, mtani ndiye. Basi wakangoja juani. Mwishowe mwenzangu akatoa simu mfukoni labda kuangalia nimefika wapi, akasoma, akairudisha mfukoni. Akasema, "Fukieni."

"Alisoma jibu langu," nikasema.

"Sijui alisoma nini. Mimi niliporudi nyumbani ndipo nikakuta amri zako."

"Bibi, zifute."

"Sina mahali pa kufutia. Umetuma kabla ya adhuhuri, mwenzako hana amri, mji umeutwaa. Kama kuna la kurudisha, si kwangu."

Usiku picha ya ubao ikaja. Mji wa Daraja umejaa kijani kama shamba la mchicha. Ndoto yangu ile! Nikaufunika uso wa simu kwa kipande cha bati.

Nilipaswa kwenda siku ileile. Sikwenda. Kesho yake sikwenda. Nilikuwa nagonga bati tu. Nilitengeneza jiko halina mlango, nikatengeneza ndoo ina tundu chini, mteja akaniuliza hii ndoo ya nini, nikamwambia ya kuchotea hewa. Mke mdogo akasema, "Mume wangu, weye unaumwa." Mke mkubwa, ambaye hajawahi kukubaliana naye hata juu ya chumvi, akasema, "Haumwi. Anaona haya." Nikaona sasa nchi imeungana, na imeungana dhidi yangu.

Siku ya kuanua matanga, watu wanapomaliza kukaa msibani, nikaenda. Njia nzima nikawa natunga maneno. Nitasema simu iliharibika. Nitasema niliugua, nililazwa, nilikufa kabisa nikafufuliwa na shemeji. Kila uongo nilioutengeneza ulikuwa mzuri ajabu, na kila mmoja nikauona unanuka.

Nikafika. Mwenzangu kakaa kwenye mkeka na wazee. Kanyanyuka, kanipa mkono kwa adabu, mikono yote miwili.

"Karibu bwana fundi."

Jamani. Bwana fundi! Miaka yote hajawahi kuniita jina la heshima. Kaniita mtumwa, kaniita mwizi wa mabati, kaniita mbuzi wa Mkwaja, nikawa nafurahi. Sasa ananiita bwana fundi, na anauliza, "Safari ilikuwa njema? Nyumbani hawajambo?" Kila neno lilikuwa msumari, na misumari mie naijua.

"Pole," nikasema. "Nilidhani..."

"Najua ulidhani nini, bwana fundi. Na mie ningedhani hivyohivyo. Kaa ule."

Wakaniletea kiti. Kiti, bwana! Mtani anaketi chini, anaiba nyama sufuriani. Mie nikaketi kwenye kiti kama mgeni kutoka wizarani, sahani mapajani. Jirani yangu wa kwenye mkeka, mzee mmoja, akanong'ona kwa mwenzake, "Huyu ndiye yule mtani?" "Ndiye." "Mbona mzima?"

Nikaona pale, nikiondoka nimekaa kwenye kiti hiki, basi nimeondoka moja kwa moja. Nimepata mji, nimepoteza mtu.

Nikainuka. Nikaingia uani, akina mama wanapika. Na kwenye moto wa pembeni nikaliona jiko langu, lile la mama. Nikamwomba dada yake mwenzangu kanga ya marehemu. Akanitazama sana. Akanipa. Nikajifunga, nikachukua mwiko, nikaweka mkono kiunoni, nikainua kidevu, nikatoka mbele za watu kwa ule mwendo wake wa kuburuza ndala.

Nilidhani nitawatania wao. Ndivyo inavyofanywa. Lakini ilipotoka sauti ya yule mama kinywani mwangu, ikanigeukia mwenyewe.

"Yuko wapi mtumwa wangu? Yuko wapi yule Mzigua? Nimemngoja juani nimelala chali mpaka nimechoka! Nimeambiwa anakuja na jeshi zima, nikasema basi hilo jeshi litakula nini, jiko lenyewe aliloniuzia ndilo hili! Mwanangu kaomba siku moja. Siku moja tu! Yeye kaenda kuteka mji wa mbao! Mji wenyewe mkubwa gani? Hata kuku hakai!"

Watu wakaanza kucheka. Akina mama wakapiga makofi. Mie nikawa nagombana na mahali patupu nilipokuwa nimekaa, nakinyooshea mwiko kile kiti, na machozi yananitoka kwenye kanga ya watu.

Mwenzangu alikuwa kainamisha kichwa. Mabega yanatikisika, sijui kwa kicheko, sijui kwa kilio, nadhani vyote vilikutana njiani. Halafu akainua uso.

"Mama hakuwa na sauti mbaya hivyo, mtani."

Basi. Nikaketi chini kwenye mkeka, nikaila sahani yake, nikamwambia chakula kibaya.

Wakati wa kuondoka nikamwambia nitamrudishia Mji wa Daraja. Nitawatoa kijani wote Alhamisi. Akanishika shati kifuani.

"Thubutu! Weye ukinihurumia mie, nitakuwa nani? Ukae nao. Nitauchukua mwenyewe."

Nikakaa nao. Kila picha ya ubao ikija nautazama ule mji, na sioni mji, naona watu wameshika majembe wanatazama njia ya Muheza. Huko kucheka kote msibani hakukuifuta ile saa waliyoningoja. Imeli haina kufuta, na mtu ndivyo.

Jumatano iliyopita kaniandikia: "Mtani, bibi yangu kafariki. Njoo." Bibi yuleyule. Bibi ambaye malaika wamemzoea, na aliyezikwa kweli sisi bado tunanyonya. Majeshi yake mekundu yote yako ukingoni, na amri zangu zilikuwa bado kuandikwa.

Nikafunga kibanda, nikapanda gari, nikaenda. Nikalala huko. Alhamisi adhuhuri ikatukuta tumekaa uani tunakula mihogo kwenye jiko la mama, yeye anacheka mpaka anashika mbavu, mie naangalia simu yangu. Picha ikaingia. Mji wa Daraja mwekundu wote.

"Mtumwa wewe," akasema, "yaani uliamini?"

"Sikuamini," nikamwambia.

Akaacha kucheka. Akanisogezea muhogo mkubwa.